Alama za Ukingoni

Nilipiga msasa ubao wetu wa ludo siku mbili, kwa mkono, kama ninavyopiga makabati ya watu karakanani. Nikapaka vanishi mara tatu. Nilitaka baba afurahi. Nilisahau kwamba baba haoni.

Babu aliutengeneza kwa kifuniko cha sanduku la chai, na sheria yake ilikuwa moja: anayeshindwa anakata alama ukingoni, mwenyewe, asikatiwe. Miaka hamsini nyumba nzima ilishindwa humo. Mimi sikukata hata siku moja. Niliona ni kujidhalilisha. Kwangu ilikuwa mikwaruzo tu.

Tangu mama afariki, baba alikuwa haongei mpaka awekewe ubao mapajani. Kidole kinatembea ukingoni, mdomo unafunguka: "Hii ya shangazi yenu, alilia huyo! Hii ya mama yenu, wiki aliyoolewa. Nilimla kete tatu, akaninunia mpaka Ijumaa." Hapo ndipo alipokubali kula.

Leo mchana kidole kilizunguka mara moja. Kikazunguka tena.

"Mmeniletea sinia?"

"Ni ubao wetu, baba. Nimeung'arisha."

Dada alitoka jikoni, akaona, akashika kichwa. "Ewe fundi! Makabati ya mji mzima hayakukutosha?"

"Ya mama yenu iko wapi?" baba akauliza.

Tukatazamana. Dada akaninong'oneza kwamba ilikuwa pembe nyekundu. Mimi nilidhani ya kijani. Nikachukua kisu, nikakata kwenye nyekundu, nikakiweka kidole cha baba pale.

"Hii hapa."

Akaipapasa alama mwanzo hadi mwisho. Nikaomba kimoyomoyo adanganyike, mimi ninayejitapa kila kijiwe kwamba sijui kusema uongo.

"Mama yenu alikata kwa kisu cha vitunguu," alisema, "polepole, huku ananitukana. Huyu kakata mbiombio. Ana hofu."

"Nisamehe, baba."

"Umeshindwa na nani, mwanangu?"

Akautoa ubao mapajani kwa mikono miwili, akaninyooshea kama mtu anayerudisha kitu cha jirani, kisha akageukia ukuta.

Dada akapiga magoti na sahani. "Kidogo tu, baba. Kijiko kimoja." Kijiko kilifika mdomoni, kikagusa mdomo, kikangoja. Mdomo haukufunguka.