Tangi la Samaki Juu ya Chumba cha Mama Mkwe

Tangi lenyewe lilikuwa la kioo, refu kama jeneza la mtu mzima, na hivyo ndivyo Agnella alivyosema lilipoteremshwa uani kwake Lipangalala. Alisema kwa sauti, mkwewe Lukelo akiwa pale pale. Haya, samaki wa kufugwa chumbani! Agnella alizaliwa Mofu, baba yake alivua mtoni maisha yake yote, na samaki aliowajua yeye ni wa kukaanga, wa kukausha na wa kuuza. Leo mtu mzima na ndevu zake anataka kuwapandisha ghorofani, chumbani anapolala na mkewe, ili awatazame tu.

Lukelo alikuwa na sababu zake. Tangi alipewa na bosi aliyehama, na chini haliwezi kukaa kwa sababu masika yakikolea maji huingia mpaka sebuleni. Hilo la maji lilikuwa kweli. Lakini Agnella hakuwa mtoto wa kudanganywa kwa pipi. Chumba cha Lukelo kilikuwa juu ya chumba chake sawasawa, na kati yao palikuwa na mbao na boriti tu, alizozipanga marehemu mumewe, Beatus, kwa mikono yake. Jirani yake Restuta naye alimkaribisha mkwe vivyo hivyo, kwa chumba kimoja. Sasa Restuta yuko kwa kaka yake kule Mchombe, na watu wanaambiwa amekwenda kupumzika.

Mambo yalianza kidogo kidogo. Kwanza binti yake Luciana, mke wa Lukelo, alikuja na ujumbe: Lukelo anaomba mama ahamie chumba kidogo cha karibu na stoo, kwa wiki moja hivi. Agnella akakataa. Baada ya siku mbili ujumbe ukaja mwingine, kwamba basi angalau kitanda kisogezwe dirishani. Akakataa tena, akauliza kitanda chake kimemkosea nini Lukelo. Luciana akasema yeye katumwa tu.

Tangu hapo Agnella akawa anamsikiliza mkwewe kama mtu anayesikiliza panya darini. Alimsikia juu akitembea hatua tatu, akisimama, akigonga kwa kisigino, akisogea, akigonga tena. Na mahali alipogonga zaidi ni juu ya kitanda. Ukimkuta uani ni shikamoo mama, macho chini, mpole kama hakuna kitu. Upole ule ulimchefua kabisa.

Kisha kulikuwa na ule unga. Kila asubuhi alikuta unga laini wa rangi ya muhogo juu ya chandarua chake. Mwanzoni aliudhani vumbi. Baada ya ile habari ya kitanda alijua ni nini: anamwagiwa dawa kutoka juu, ili chumba kimchoshe aondoke mwenyewe. Aliukung'uta, akaufukia nyuma ya choo, akasali rozari, wala hakumwambia mtu.

Siku Luciana alipouliza, eti Lukelo anataka kujua kama mama huona unga wowote kitandani, Agnella nusura acheke. Mchawi anauliza kama dawa yake imefika!

"Mwambie hakuna," alisema. "Chumba changu ni kisafi."

Basi Lukelo akapanga Jumamosi. Wanaume sita wangekuja kulipandisha tangi.

Alhamisi mchana Agnella alitoka sokoni mapema. Akamkuta Lukelo nyuma ya nyumba, kapanda ngazi, paji la uso limebanwa kwenye nondo za dirisha lake, macho yanakodolea dari ya chumba anacholala mama mkwe. Agnella alitua kikapu. Akaishika ngazi kwa hasira.

"Lukelo. Shuka uniambie unatafuta nini chumbani kwangu."

Alishuka. Alijibu akitazama ndala zake. Alisema tangi likijazwa maji ni kama magunia saba ya mpunga, yamesimama mahali pamoja usiku na mchana. Agnella akamkata: mzee Beatus aliweka magunia ishirini pale juu na nyumba haikutikisika. Ni kweli, Lukelo akasema, lakini yale yalipangwa kandokando ya kuta, na mbao zilikuwa mpya. Sasa sakafu inanesa hata bila tangi. Boriti huonekana kwa chini tu, na Luciana, alipotumwa kutazama, aliona rangi tu, basi.

"Huko juu hatulali kwa amani tangu nilipogundua hilo," alisema. "Siyo kwa ajili ya samaki. Ni kwa sababu wewe uko chini ya sakafu hiyo."

"Na mdomo wako ulikuwa wapi?"

"Mama, nikuambie habari za kitanda chako? Mimi mkweo?"

Hilo Agnella alilijua. Mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe, wala hazungumzii kitanda chake. Yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kumtangaza mtaa mzima. Na aliulizwa kuhusu ule unga, ambao huenda ulitoka kwenye boriti, akasema hakuna. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Alichukua mchi wa kinu, akaingia, akapanda kitandani na viatu vyake. Boriti ya kwanza aliyoigonga ililia ko. Ya pili ko. Ya tatu, ile ya juu ya mto, haikulia chochote, mchi ulizama. Kipande cha mbao kikaanguka juu ya mto, upande mmoja rangi nyeupe ya Beatus, upande wa pili umeliwa na wadudu, unga mtupu wa rangi ya muhogo.

Alikitazama. Miaka mitano alikuwa amelaza kichwa pale pale.

Kitanda alichokataa kukisogeza hata shubiri moja, alikikokota peke yake, godoro na chandarua juu, akakitoa kupitia sebuleni mpaka uani mbele ya majirani. Lukelo alisimama amegeuza mgongo asikione. Agnella alirudi akafungua mlango ukafika ukutani.

"Kitanda hakipo," alisema, akihema. "Humu si chumbani kwa mama mkwe tena, ni stoo. Ingia, mwanangu."

Lukelo alivua ndala mlangoni, akaingia macho bado yako chini, mpaka Agnella akamwambia atazame juu.