Maji ya Mama Thacienne

Mwanamke aliyetoka kujifungua hagusi maji ya baridi. Hilo Masisi nzima inalijua: baridi huingia mifupani, tumbo likafunga, na mtoto wa pili asije. Sasa niambie, Vestine, mke wa kaka yangu Faustin, alitafuta nini mtoni kila asubuhi, na kitovu cha mtoto hakijadondoka?

Mimi sidanganywi. Nilimwona akirudi, kitenge kimelowa mpaka kifuani, nikasema dalili ya mvua ni mawingu. Nikamwambia mama yangu, Mama Thacienne.

"Tangu uhuru, mabinti ya kule Kingi, kwabo Vestine, wanajua mambo mingi," mama alisema. "Huyu anajifunga asizale tena. Ukimukuta mu maji, leo leo anarudi kwabo. Mutoto atabakia."

Asubuhi nikamfuata Vestine, nikajibanza nyuma ya migomba. Aliingia mtoni polepole, akaketi, akafumba macho. Nikatoka.

"Leo nimekupata, wifi."

Hakukimbia. Alisimama akafungua kitenge. Tumbo na mapaja yamejaa malengelenge, mengine yamepasuka, ngozi imechunika. Hasira yote ikaniisha.

"Ni maji ya moto ya mama yako," alisema. "Kila magaribi ananikanda. Nikilia, anasema kuzala njo vile. Hapa tu njo ninapumuaka."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mama hupima maji kwa mkono, na mikono yake naijua: huepua chungu cha maharagwe bila kitambaa, hugeuza mihogo kwenye makaa kwa vidole. Kwake maji ya kuchemka ni vuguvugu.

Jioni mama akatia mkono katika chungu cha maji ya kumkandia Vestine. "Iko muzuri," akasema.

"Mama, tia kiwiko."

Alinitazama kama nimemtukana, lakini akatia. Akakitoa upesi, akakishika. Kisha akamtazama Vestine, akamwaga maji yote nje.

Kesho yake mama mwenyewe alimsindikiza mtoni, akakaa njiani na fimbo kumlinda. Jirani yetu Adelaïde, mwenye mdomo usiofungwa, akapita na jembe begani.

"Mukamwana wako iko mu maji ya baridi, na weye unaangalia?"

"Njo mimi nimemuleta," mama akajibu. "Mimi njo nilimuunguza. Pita, mama, uambie na wengine."