Gari Lililoingia Kichen Pati

Gaspar na mkewe Tupokigwe waliishi Tegeta, na kwa mwezi mzima walikuwa wakibishana juu ya gari. La zamani walikwisha kuliuza. Sasa walitaka jingine, lenye kimo cha kuvuka madimbwi ya mtaani kwao, na kwenye yadi ya magari ya jirani yao Mwishehe walikuta mawili yaliyowapendeza: moja la petroli, moja la umeme.

Gaspar alitaka la petroli. Yeye ni mtu wa Rombo, na mtu wa Rombo ikifika Desemba lazima aende kwao. Alisema hataweza kumweleza mama yake kwamba amechelewa Krismasi kwa sababu alikaa Korogwe akisubiri gari lishibe. Tupokigwe, mzaliwa wa Tukuyu na mfamasia kwenye duka la dawa Kariakoo, alitaka la umeme. Desemba huja mara moja kwa mwaka, alisema, ila foleni ya Mwenge ni kila siku ya Mungu, na kwenye foleni gari la petroli linakunywa bila kutembea. Walibishana mezani, wakabishana wakitoka kanisani, na hata wakishazima taa, mmoja wao alikuwa akikumbuka hoja nyingine. Lakini hakuna aliyenuna. Tupokigwe aliwaambia mashoga zake kwamba tangu waoane hawajawahi kupata ubishi mtamu kama huo.

Mwishehe alipochoka kuwasikiliza, akawaambia wayajaribu yote mawili. Walianza na la petroli, likamridhisha Gaspar kabisa. Jumamosi iliyofuata wakachukua la umeme, tena siku yenye safari ya kweli. Walikuwa wanakwenda Chanika kwa Benedicta, dada mkubwa wa Gaspar, ambaye binti yake Gladness alikuwa anafanyiwa kichen pati, sherehe ya kumfunda kabla ya harusi, mchana ule. Mpango ulikuwa Gaspar amshushe mkewe getini, kisha akakae na shemeji yake Petro nyumba ya jirani mpaka sherehe iishe, maana kichen pati ni ya wanawake.

Waliposhuka waliona turubai limefungwa vizuri uani, viti vimevalishwa vitambaa, akina mama wamependeza na vitenge vya sare. Ila palikuwa kimya. Asubuhi lori lilikuwa limegonga nguzo, na umeme ulikatika mtaa mzima. Jenereta la kukodi lilinguruma kidogo, likatoa moshi mweusi, likazima, na fundi wake alikuwa bado yuko Mbagala. Raudha, mshehereshaji, alijaribu kuongea bila maiki, lakini waliokaa nyuma hawakumsikia, wakaanza kupiga soga zao. Gladness alikuwa chumbani, ameshavaa, amegoma kutoka. Alimwambia mama yake kwamba hawezi kuingia kwenye sherehe yake kama mtu anayeingia msibani.

Benedicta aliyasimulia hayo akiwa ameshika kiuno. Tupokigwe alimsikiliza, akatazama gari, halafu akatoa simu na kumpigia Mwishehe. Aliuliza swali moja tu: gari linalobeba umeme wote huo, haliwezi kuutoa? Mwishehe akajibu kuwa linaweza. Nyuma, chini ya zulia, kulikuwa na waya wake. Upande mmoja unachomekwa pale pa kuchajia, na upande wa pili una tundu kama la ukutani nyumbani. Aliwaruhusu wautumie kwa sharti kwamba Gaspar asibanduke garini, na chaji isishuke mpaka wakakosa ya kurudia.

Hapo ikazuka ishu nyingine. Waya ulikuwa mfupi, kwa hiyo gari ilibidi liingie hadi pembeni mwa turubai. Na Gaspar hakuruhusiwa kubanduka.

"Gari liingie," alisema Benedicta. "Mwanaume haingii."

Wazee wawili wa kike wakamuunga mkono, wakaeleza kwamba yatakayosemwa humo si ya masikio ya kiume. Raudha ndiye aliyepata ufumbuzi. Alikusanya khanga kwa wageni, akazitundika kwenye vioo vyote vya gari, mbele, nyuma na ubavuni, na Gaspar akafungiwa ndani na kiyoyozi chake kama mwali. Akina mama walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Spika zilipolia kwa mara ya kwanza, vigelegele vilipanda hadi watoto wa mtaa wa pili wakaja kuchungulia. Gladness alitoka chumbani anacheza. Wanawake wakamfuata kwa mstari, wamebeba sufuria, masinia na mabeseni ya kumzawadia, na ua uliokuwa umepoa ukawaka.

Gaspar hakuona lolote. Mlango ulifunguliwa kidogo, mkono ukaingiza sahani ya pilau, mlango ukafungwa. Alikula akiikodolea macho ile namba ya chaji mbele yake. Mwanzoni kila iliposhuka alishtuka. Baadaye akagundua kwamba inashuka taratibu sana, taa na muziki na yote, na bila kujua akaanza kutikisa kichwa kufuata ngoma.

Ikafika zamu ya mawaidha. Mmoja mmoja walishika maiki, na Gaspar, ambaye hakuwa na pa kukimbilia, aliyasikia mengi ambayo aliahidi kutoyarudia popote. Kisha akasikia sauti ya mkewe.

"Gladness mwanangu," alisema Tupokigwe, "mie nimeolewa na mbishi. Mwezi huu wote tunabishana kuhusu gari, na bado hatujamaliza. Lakini angeweza kuamua peke yake siku ya kwanza, nami ningelikuta limepaki uani. Hakufanya hivyo. Usimwogope mume anayekubishia. Mwogope anayekukubalia kila kitu, halafu anakwenda kufanya lake."

Wanawake wote wakageukia zile khanga na kupiga vigelegele. Ndani ya gari Gaspar aliinamia sahani iliyokwisha pilau, uso umemchanua, akashukuru kwamba hakuna anayemwona.

Sherehe iliisha jua likiwa limeanza kuzama. Benedicta alimfungulia mdogo wake mlango, akamshukuru, akamfungashia chakula cha kutosha watu wanne. Namba ya chaji ilikuwa bado inawatosha kufika Tegeta na kubaki.

Walipokaribia Buguruni, Gaspar alitangaza kwamba amekubali. Watachukua la umeme. Tupokigwe akasema kwamba na yeye amefikiri. Amemfikiria mama mkwe, na Krismasi, na ule mwendo wote mpaka Rombo. Wachukue la petroli. Gaspar akamwambia Desemba ni mara moja kwa mwaka. Tupokigwe akamuuliza, wakikwama Korogwe itakuwaje? Wakabishana hivyo hivyo, kila mmoja akitetea alichokipinga jana, mpaka Mwenge, ambapo Tupokigwe alijisikia anavyosema na kuangua kicheko. Gaspar naye akaangua. Dereva wa bodaboda aliyesimama kando yao kwenye foleni alichungulia ndani, akaanza kucheka nao ingawa hakujua sababu.

Jumatatu walikwenda yadi wakachukua la umeme. Mwishehe hakuuliza nani ameshinda.

Desemba ilipofika walikwenda Rombo kwa basi. Miaka yote Gaspar alikuwa akiipita njia ile ameshika usukani, macho barabarani. Safari hii alikaa dirishani. Walipopita Same alimwamsha mkewe amwonyeshe milima ya Upare, ilivyopanda kijani hadi kwenye mawingu, na moshi wa jikoni wa mtu ukitoka huko juu. Tupokigwe alitazama, akamwegemea begani, akamuuliza ule ni Upare wa wapi. Gaspar alisema Gonja. Mkewe akasema hapana, Gonja iko upande wa pili. Wakaanza.