Kishikio Kinachorudi

Tak.

Mlio ulitoka barazani, mfupi na mkavu, kama kijiti kilichovunjwa kwa vidole viwili. Lourens alikuwa bado chumbani anavaa soksi. Hakuhitaji kuona. Alijua kwamba aliyefunga wenzo ule wa kubania darubini ni Gawie, kwa sababu yeye mwenyewe akifunga hulia mara mbili: mara ya kwanza wenzo unakataa, mara ya pili unakubali shingo upande.

"Umesikia hiyo?" baba yake, ambaye wote walimwita Oom Schalk, akasema huko nje. "Hivyo ndivyo kinavyofungwa."

Lourens akavaa kiatu kimoja, akakaa kitambo na cha pili mkononi.

Juu ya meza ya barazani, kati ya birika la kahawa na sahani ya mikate mikavu ya kuchovya, palikuwa na vishikio vitatu vya darubini, vimeletwa kwa posta kutoka duka moja la bunduki la Kimberley. Chagua kimoja, rudisha viwili. Lourens alikuwa na bunduki moja na darubini mbili: ya mchana kwa mashindano, na ya joto, inayoona gizani, kwa mbweha waliokuwa wakimmalizia wanakondoo. Alikuwa amechoka kuhangaika na skrubu kila alipobadilisha. Alitaka kishikio cha wenzo: vuta, toa, weka, funga, piga. Mashindano ya wilaya yalikuwa Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Watu wa nyika ile ya Karoo hawaulizi kama kishikio ni kizuri. Huuliza, "Kinarudi?" Maana yake, ukiitoa darubini na kuiweka tena, risasi itapiga palepale ilipopiga mwanzo? Kisichorudi hakifai hata kufukuzia kuku.

Wakatandika turubai nyuma ya banda la sufu. Lourens akalala kifudifudi na bunduki, Gawie akakaa kushoto kwake na daftari, kama walivyokaa tangu wana miaka kumi na miwili. Gawie Kammies ndiye aliyemsomea upepo. Wote wawili walikuwa na miaka thelathini na mmoja, na wote wawili walibebwa mgongoni na mwanamke mmoja, Katriena, mama yake Gawie, kwa kuwa mama yake Lourens alirudi kwao Bloemfontein mtoto akiwa wa miaka mitatu na hakuandika barua. Lourens alimwita Aia, jina la mlezi. Gawie alimwita Mama. Tofauti ya maneno hayo mawili Lourens alikuwa ameibeba tumboni miaka ishirini na minane, na haikuwa imepungua uzito.

Sasa Katriena alikuwa amelala katika nyumba ya wafanyakazi karibu na bwawa, mapafu yamekwisha. Alikuwa ameomba jambo moja tu: azikwe kwenye malisho ya kaskazini, ng'ambo ya uzio, alikosema kuwa alizaliwa. Oom Schalk alikuwa na jibu lake la siku zote. Pale hapakuwahi kuishi mtu. Anayesema waliishi alete karatasi.

Shabaha ilikuwa hukohuko kaskazini, mita mia tatu, ubao mweupe kwenye nyika tupu.

Kishikio cha kwanza kilikuwa na gurudumu dogo la kuzungusha kwa vidole. Lourens akapiga risasi tano. Gawie akaitoa darubini, akahesabu hadi kumi, akairudisha. Lourens alipoweka jicho, alijiona mwenyewe akipita mbele ya shabaha na ndoo ya chumvi ya kondoo, amevaa shati la jana.

"Kimerudi mpaka jana tu," akasema.

"Jana saa ngapi?" Gawie akauliza, penseli tayari.

"Kama saa sita. Naenda kwenye hori."

"Basi ngoja upite, bosi mdogo. Ukijipiga, mimi sina gari la kukupeleka hospitali."

Akangoja apite, akapiga. Matundu yakatawanyika upana wa chungwa. Gawie akaandika: *jana, chungwa.*

Kishikio cha pili kilikuwa na nyenzo mbili. Lourens alizifunga mwenyewe.

"Zinalia kama mlango wa choo," Gawie akasema.

"Wewe soma upepo."

Kiliporudi, katika kioo palikuwa na Oom Schalk akiwa kijana, masharubu meusi, anavuta waya mpya wa uzio pamoja na wanaume wawili. Nyuma yao lilisimama lori lenye vitanda, kabati, jiko, na kuku ndani ya kreti. Juu ya vitanda alikaa msichana, amepakata saa ya ukutani. Alikuwa Katriena.

Walimwita mzee. Oom Schalk akaja polepole na fimbo yake, akainama, akatazama.

"Nilikuwa na masharubu," akasema. Akaendelea kutazama. "Ule ulikuwa waya. Waya wa siku hizi ni takataka."

"Na lori, Oom?" Gawie akauliza.

"Lori lilikuwa la kukodi," mzee akasema, akarudi kwenye kahawa yake.

Matundu yalikuwa upana wa kiberiti. Gawie akaandika: *mwaka wa waya, kiberiti.*

Cha tatu kilikuwa kizito, chuma kitupu, wenzo mmoja mrefu. Ndicho kilicholia barazani. Gawie akakitoa na kukirudisha kwa mlio wake uleule mmoja, na Lourens alipoweka jicho, uzio haukuwepo. Palikuwa na nyumba ya mawe yenye paa la matete, moshi unatoka, mbuzi kumi na wawili, na mwanamke mzee mwenye kilemba cha manjano akifagia ua.

"Hiki kimerudi mwanzo kabisa," Lourens akasema.

Mbuzi walikuwa wamesimama mbele ya shabaha. Wakawangoja robo saa. Walipoondoka, Lourens akapiga tano, na zote tano zikapita katika tundu moja, ambalo lisingetosha vidole viwili.

Gawie hakuandika kitu. Aliomba nafasi, akalala, akatazama kwa muda mrefu.

"Ni Ouma Siena," akasema. "Bibi yake mama. Mama husema kilemba hicho alilala nacho."

Mwanamke yule akaacha kufagia. Akakinga jua kwa kiganja, akatazama upande wao, kisha akapunga mkono. Gawie akampungia pia, kama mtu anavyompungia jirani aliyemwona juzi.

"Nipishe," Lourens akasema.

Alipolala, mwanamke alikuwa bado anapunga. Lakini macho yake yalimpita Lourens kwa kiasi cha kiganja, yakaenda kushoto, alikokaa Gawie. Lourens akafikiri darubini imepinda. Akageuza kitufe cha pembeni mara mbili kwenda kulia. Nyumba ikasogea. Macho ya bibi hayakusogea.

"Hebu kaa kulia kwangu," akamwambia Gawie.

Gawie akahama. Bibi naye akahamisha macho kulia. Jioni hiyo Oom Schalk naye aliitazama nyumba ile, akarudi barazani.

Siku ya Jumanne Lourens alikwenda tena. Alimvua Gawie kofia na koti, akavivaa yeye, akalala kwenye turubai huku Gawie amesimama nyuma yake kichwa wazi. Ouma Siena akatazama juu ya bega la Lourens, akajigusa kilemba, akamnyooshea Gawie kidole: funika kichwa hicho, jua litakuua.

"Anasema nirudishiwe kofia yangu," Gawie akasema.

"Nimeona."

"Koti baki nalo, hakulitaja."

"Mwambie anipungie," Lourens akasema. Alisema kwa sauti ya kawaida, jicho bado kwenye kioo. "Mara moja. Mimi nimezaliwa hapa. Babu yangu kazaliwa hapa. Nalipa josho, nalipa chanjo, nakesha na mbweha. Kuna siku hata moja umeniona nimeiacha ardhi hii?"

"Sijaona."

"Basi mwambie."

Gawie akavunja kijiti cha kichaka, akakitafuna. "Bosi mdogo, yule ni bibi ya mama yangu. Mimi mwenyewe simwamuru. Labda muulize upepo."

Lourens akacheka, maana ilikuwa ni kawaida yao kucheka. Lakini usiku ule hakula. Wivu ulikuwa umekaa mahali pa chakula. Alikuwa na hati ya shamba tangu mwezi wa tatu, yenye muhuri na ramani, hekta elfu nne na mia sita. Hakuna jiwe hata moja katika hekta hizo lililowahi kuinua mkono likamsalimu.

Katriena alifariki Jumatano alfajiri. Gawie alikuja barazani kofia mkononi, akaomba kwa Oom Schalk.

"Umeiona nyumba, Oom. Umeiona kwa jicho lako."

"Nimeiona," Oom Schalk akasema. Hakuwa mtu wa kukana kilichokuwa kwenye kioo. "Ni nyumba, tena nzuri, imejengwa vizuri. Lakini darubini si karatasi, Gawie. Na shamba si langu tena. Muulize Lourens."

Gawie akageuka. Lourens alikuwa anasafisha mtutu. Alikuwa amelala vibaya, macho mekundu, na kwa kweli alikuwa amelia, peke yake, katika banda la sufu, maana mgongo uliombeba alikuwa ameupoteza na yeye. Neno la ndiyo lilikuwa mdomoni. Gawie angeweza kulisikia lau lingetoka. Lakini Lourens aliwaza jinsi itakavyokuwa: kaburi kule, jamaa wote wa Kammies wakiingia kila Jumapili kwa geti la kaskazini, na bibi wa kilemba cha manjano akiwapungia mmoja mmoja, watoto kwa wakubwa, huku yeye mwenye funguo amesimama pembeni kama mgeni aliyepotea njia.

"Tuongee baada ya Jumamosi," akasema. "Sasa hivi kichwa changu kiko kwenye mashindano."

"Maiti haijui mashindano, Lou," Gawie akasema. Hakuwa amemwita hivyo tangu shule.

"Baada ya Jumamosi."

Katriena akazikwa Jumamosi asubuhi mjini, kwenye makaburi ya halmashauri, kilomita arobaini na moja, safu ya mwisho karibu na dampo. Lourens alitoa kondoo wawili na pikapu ya kubebea jeneza. Yeye hakwenda. Alikuwa kwenye uwanja wa mashindano na kishikio cha tatu.

Kilirudi kila alipokifunga. Katika kila kituo cha kupigia aliona kwenye kioo watu wa mahali pale: wanawake wanaoanika nyama, mwanamume anayechonga nira, watoto wanaofukuza kondoo wenye mikia minene. Aliwangoja wapite kisha akapiga. Wapigaji wengine walikuwa wakisema, "Na mimi kwangu wamejaa leo," wakangoja vilevile. Hakuna hata mmoja kati ya wale wa kwenye kioo aliyeinua uso kumtazama. Lourens akapata kikombe, akakiweka chini ya kiti cha gari, akasahau kukitoa.

Jumatatu Gawie alirudi kazini. Wakatandika turubai, kwa kuwa bunduki iliyotoka safari lazima ijaribiwe upya. Gawie akafunga wenzo. Lourens akaweka jicho.

Nyumba ilikuwepo, na moshi. Ouma Siena alikuwa amekaa kwenye benchi la mawe, na kando yake alikaa Katriena, si msichana wa juu ya lori bali mwenyewe wa wiki iliyopita, amevaa sweta la kijivu alilougulia, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Alikuwa anakunywa kahawa kutoka kwenye kisosi, kama alivyokunywa sikuzote.

Lourens akajisogeza, akampisha Gawie bila kuambiwa. Gawie akatazama mpaka pumzi yake ikatulia.

"Kafika," akasema. "Kaja kwa miguu."

Oom Schalk aliletwa naye akaangalia. Aliridhika sana.

"Unaona?" akamwambia Gawie, akimgonga begani. "Amefika mwenyewe. Basi hilo limekwisha. Mtu aliyekwisha fika, kaburi la nini tena?" Akaenda zake, fimbo ikigonga mawe.

Walibaki wawili. Gawie akakaa kushoto na daftari ambalo hakulifungua.

"Mimi siombi tena kaburi," akasema. "Naomba funguo. Siku moja tu niingie niweke jiwe lenye jina lake. Kuzunguka kwa barabara siwezi, pande zote ni waya wako."

Lourens alikuwa amelala tena kwenye bunduki. Kwenye kioo wanawake wale wawili walikuwa wamesimama. Walikinga jua kwa viganja, mkao mmoja, kisha wakapunga. Aliufahamu mkono ule wa pili. Ulikuwa umemlisha uji, umemfunga kamba za viatu, umempiga makofi mawili alipochezea risasi ya kwanza. Akaufuata kwa msalaba wa darubini taratibu, mpaka ukakaa katikati kabisa ya kioo, hadi ncha za kucha. Mkono ulikuwa unampita kwa kiganja kimoja, kushoto, alikokaa Gawie.

Akainua kichwa kutoka kwenye bunduki. Nyika ilikuwa tupu na nyeupe. Akasema kwa sauti kubwa, ili isafiri mita mia tatu na Gawie pia asikie:

"Aia! Nipungie mimi. Mara moja tu, mimi, nijue ni mimi. Ukinipungia, kesho asubuhi nafungua geti. Nakuahidi."