Ua Kwenye Ndoo ya Letisia

Ua lile Letisia alilitoa Mwanza, kwa mdogo wake Hilaria, ndani ya ndoo ya rangi. Zambarau, majani manene yanayong'aa, na halikutaka hata udongo. Alikusudia kulipeleka kwenye kanisa la kigango, miguuni pa sanamu ya Bikira Maria. Hilaria alimwonya mpaka kwenye mlango wa basi: "Dada, lisiguse bwawa. Huku limetufukuza ziwani. Na likishaingia usilikate, kila kipande kinaota. Ling'oe na mizizi, ulitupe mbali na maji." Letisia akacheka. Hilaria amekuza mambo tangu utoto.

Kiangazi kilipokaza, maji ya ndoo yakakauka, naye akalionea huruma. Akaliweka pembeni mwa bwawa la kitongoji, kwa siku mbili tatu tu. Siku mbili tatu! Mvua zilipokuja likawa limetandaza mkeka, na mwaka uliofuata nusu ya bwawa ilikuwa kijani.

Na bwawa ndilo hilo moja. Ng'ombe wote wa upande ule wa kijiji cha Bashay wanakunywa hapo, akina mama wanachota hapo, na perege waliopandwa humo ndio kitoweo cha Kwaresima.

Yonas, mwenyekiti wa kitongoji, akaita watu. Walikuja na panga na majembe, kwa sababu ni wakulima na gugu wanalijua: unalikata, unaliacha hapohapo likauke. Letisia alipika pombe ya mtama, kama inavyotakiwa kazi ya pamoja inapoitwa. Akasimama kwenye chungu chake akitazama panga zikishuka, na vipande vikielea kwenda upande uliokuwa bado safi.

Yonas akaja, magoti yamejaa tope. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Unaionaje kazi yetu?"

Maneno ya Hilaria yalimfika kooni. Lakini akiyasema ataulizwa ameyajulia wapi, na umri ule wote, na heshima ile yote kigangoni! "Inakwenda vizuri," alisema, akamjazia kikombe. Mchana Yonas alirudi na swali lilelile. Jioni, watu wakifunga kazi, akarudi tena. Letisia akajaza kikombe mara zote tatu.

Kabla ya Krismasi maji hayakuonekana tena. Perege walielea matumbo juu, vyura wakanyamaza, na maji ya kuchota yakanuka hata yakichemshwa. Akina mama wakaanza kwenda kijiji cha pili na madumu. Letisia alikwenda nao, kichwa chini, na kila mtu alipoguna njiani, alidhani anamgunia yeye.

Kisha mtamba, ng'ombe jike mchanga aliyekuwa kwa Letisia, akafa. Hakuwa wake. Yonas alimkabidhi amtunze na anywe maziwa akizaa, kama watu wa huku wanavyomfanyia mjane asiyekuwa na zizi. Asubuhi ile mtamba aliona kijani kimetandaa, akadhani ni malisho, akakanyaga, akazama. Walimvuta kwa kamba wanaume sita. Alitoka na majani mdomoni, na lile ua la zambarau limenasa kwenye pembe yake.

Letisia alipiga magoti kwenye tope mbele ya wote. Alisema yote, ndoo, Hilaria, basi, bwawa. Alilia kama mtoto na hakujali nani anamwona.

Yonas aliweka mkono juu ya shingo ya mnyama.

"Tulijua, mama," alisema. "Jirani yako Benedikta alikuona siku ile bwawani na ndoo."

"Mlijua? Na hamkuniuliza?"

"Wewe ni mama yetu. Ningeanzia wapi kukuuliza?" Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuua Letisia. "Siku ile ya panga nilikuja kwako mara tatu. Tulijua umelitoa Mwanza, kwa watu wanaolifahamu. Nilikuwa nangoja tu utuambie linaondolewaje."

Wanaume wakakunja kamba. Nyuma yao, pale alipovutwa mtamba, shimo la maji lilikuwa limeshaanza kujifunga.