Mithika Asipande

Corona ilikuwa imemwachilia Mithika. Kikohozi kilikwisha na ladha ya chakula ikarudi, ila mkewe, Ntinyari, hakutulia. Mumewe akitoka chooni tu, ilimbidi asimame njiani, mkono kifuani, kama mtu aliyesahau kitu.

Katika hospitali ya Maua, daktari aliwaeleza polepole. Virusi vilikuwa vimekwenda, lakini viliacha misuli ya moyo imevimba. Moyo wa namna hiyo ukilazimishwa kazi nzito unaweza kusimama ghafla. Mithika asilime, asipande miti, na asitafune miraa hata kijiti kimoja, maana miraa huukimbiza moyo. Apumzike mpaka apimwe tena.

"Ni kama kidonda, mzee, ila kiko ndani," daktari alisema. "Kinataka kuachwa."

Mithika alikubali, akapumzika. Kisha mvua ikanyesha, miraa ikatoa machipukizi mekundu, na jirani yao Misheck akapaza sauti kutoka njiani: "Mithika! Corona ilienda na barakoa zake. Wewe umebaki kuatamia kiti kama kuku?"

Mithika alicheka. Ntinyari hakucheka.

Asubuhi iliyofuata, alipomaliza kukama, alikuta kiti kitupu. Mumewe alikuwa shambani, amekumbatia shina la mti mkubwa wa miraa, miguu ikining'inia juu kidogo ya ardhi. Shavu lilikuwa limefura kwa majani yake. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu.

"Baba Kathure, shuka."

"Wacha nivune tawi moja. Hii miraa ndiyo itanirudishia nguvu. Baba yangu alipanda akiwa na malaria."

"Malaria haikuwa moyoni mwake. Shuka."

"Na nani atavuna? Wewe?"

Ilikuwa dhihaka. Kwao Igembe mwanamke hapandi mti wa miraa. Siku Ntinyari alipoolewa, mama mkwe alimwonya kwamba mkono wa mwanamke huukausha, na mti huu uliotunzwa tangu enzi za babu hakuwahi hata kuuegemea.

Ntinyari alivua ndara. Akakaza leso kiunoni, akashika tawi la chini.

"Wee! Mama Kathure! Mti utakauka!"

"Na ukauke. Miche ya miraa iko. Mithika mwingine hayuko."

Shati la Mithika lilikuwa likirukaruka kifuani. Alimtazama mkewe, akateleza taratibu hadi chini, akatema miraa, akaketi kwenye mizizi.

Ntinyari alipanda. Alipofikia machipukizi alivunja la kwanza, akalivunjia chini mno.

"Si hivyo." Mithika alitafuta pumzi. "Juu ya... juu ya kifundo. Kwa kidole gumba."

Akavunja tena.

"Hapo," alisema mumewe, macho yamelowa. "Sasa ngoja nipumue, nikuonyeshe tawi lingine."

Ntinyari akalishika tawi kwa mikono miwili, akangoja.