Mstari wa Diwani Shekiondo

Mimi nasema wazi: Diwani Shekiondo alikuwa mwizi wa kura. Kila uchaguzi, majina ya marehemu wetu wa Magamba yalimpigia kura, naye akitucheka sokoni bila haya.

Mwaka vyama vingi vilipoingia, chama chake kiliamua mgombea apatikane kwa watu kupanga mstari nyuma yake. Tukakusanyika uwanjani asubuhi, ukungu umeshuka kutoka msituni, mzito kama moshi wa kuni mbichi. Wagombea wawili walitupa mgongo, na ilikuwa mwiko kugeuka kabla hesabu haijaisha. Sote tukaenda nyuma ya Hidaya, mkulima mwenzetu wa kabichi. Nyuma ya Shekiondo hakwenda hata mtu mmoja. Nilicheka kwa sauti ili anisikie.

Kisha ukungu ukasogea kidogo, tukauona mstari wake. Ulianzia mgongoni kwake ukapotelea kwenye miti. Watu wale walitulia mno. Hakuna aliyekohoa, na baridi ya Magamba humkohoza kila mtu.

Msimamizi akaenda kuhesabu. Hakufika mbali. Akarudi mbio.

“Diwani ameshinda,” akasema.

Shekiondo akageuka kuwashukuru watu wake. Tabasamu likamfia mdomoni. Akainamisha kichwa kama mtoto aliyefunzwa adabu.

“Shikamoo, baba.”

Baba yake tulimzika sisi wenyewe, masika yaliyopita.

“Marahaba, mwanangu,” sauti ikajibu kutoka ukunguni. “Tumekuchagua miaka yote. Sasa twende ukatuongoze.”